Nilisema "Toa Gaz"

Baraka, Alhamisi, mvua.

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu tushuke. Mvua imeshika tangu saa nne asubuhi, mabati yanapiga kelele mpaka siisikii redio ya jirani, na barabara yetu imekuwa tope tupu. Wanafunzi tumewarudisha nyumbani. Nimefunga mlango kwa ndani ingawa hakuna anayekuja. Siku hizi nimezoea hivyo.

Nianze na uongo wenyewe kabla sijaukimbia. Mji mzima unasema mimi ndiye niliyewaokoa watu kwenye ile ndege. Nikienda kununua sabuni wananiita "Madamu wa avion", mwalimu wa ndege. Mkurugenzi wa shule alinisimamisha mbele ya wanafunzi, wakanipigia makofi. Pasta ameniandika Jumapili nitoe ushuhuda.

Na mimi napokea. Natabasamu kidogo, nainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, napokea.

Ukweli ni kwamba nusura niwaue.

Kwa asiyenijua: mimi ni mwalimu wa Kifaransa hapa Baraka, mtoto wa Bibokoboko, kule juu kwenye ng'ombe na ukungu. Zamani mtu wa kwetu aliteremka huku kwa miguu, akauza jibini yake, akarudi. Sasa njia zimefungwa na vita, na sisi wa milimani tulio huku chini tunaishi kwa kujibana, tukipima kila neno sokoni, maana wapo wanaotuona maadui. Mama yangu alikimbilia karibu na uwanja mdogo wa ndege, uwanja wa nyasi tu. Nilikuwa nimepanda kumwona. Kurudi ni kwa ndege ile ile ndogo au kutorudi.

Tulikuwa abiria watatu. Mbele, kando ya rubani, alikaa Papa Ramazani, mwenye boti ya kwenda Mboko, ambaye alikuwa ameitwa huko juu kutengeneza mashine ya kusaga. Rubani alimpeleka mbele kwa sababu ya uzito wake, akamtania kwamba atalipia viti viwili. Nyuma yao nilikaa mimi, pamoja na Mama Furaha, muuza maharage, mwanamke ambaye sauti yake hufika Mboko kabla ya boti.

Milima ilikuwa imekwisha na ziwa limeanza kuonekana rubani aliposhika paji la uso. Alisema kwa Kifaransa kwamba anasikia joto. Kisha kichwa kikaanguka mbele, na ndege nayo ikainama.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Namkumbuka Mama Furaha. Alivua kitenge chake cha juu, akakipitisha kifuani mwa rubani na nyuma ya kiti, akavuta mpaka akamtoa kwenye usukani, akafunga. Na hakukiachilia mpaka mwisho. Papa Ramazani alishika usukani wa upande wake kwa mkono mmoja, kama anavyoshika mpini wa injini ya boti, na pua ya ndege ikainuka taratibu.

Nilitazama mlango. Nataka niandike hili kwa sababu linanirudia: nilitazama mlango, na mkono wangu ulikwenda kwenye kitasa. Watu watatu wazima na mgonjwa mmoja ndani ya kijisanduku, na mimi nilitaka kushuka.

Papa Ramazani alikuwa amevaa vile vifaa vya masikioni. Alisikia mtu anasema Kifaransa, akavivua, akanipa.

"Madamu, weye njo unajua Kifaransa. Uulize ule muntu tufanye namna gani."

Waya wake ulikuwa mfupi. Ilinibidi nipige magoti katikati ya viti vyao, shingo imepinda, shavu langu karibu na bega lake. Kitufe cha kusemea kilikuwa kwenye usukani wake, kwa hiyo yeye alibonyeza na mimi nikasema. Aliyetusikia alikuwa rubani wa ndege nyingine iliyokuwa ikipita juu ya ziwa. Mtu mtulivu sana. Alituuliza tunaona nini, akatueleza ile fimbo fupi yenye kichwa cheusi, fimbo ya gaz: ukiisukuma ndani injini inaongeza nguvu, ukiivuta nje inapunguza. Papa Ramazani alijaribu mara mbili akaielewa kuliko mimi. Mtu ambaye ameishi na injini haogopi injini.

Kwa nusu saa hivi tulikuwa mtu mmoja. Sikio langu, mkono wake.

Tukauona uwanja wa Baraka. Tukashuka. Nakumbuka vichwa vya mihogo, kisha ardhi nyekundu, kisha magurudumu yakagusa. Yaligusa kweli! Yule wa redioni akasema kwa Kifaransa: punguza, ondoa nguvu yote sasa.

Nami nikapaza sauti: "Toa gaz!"

Papa Ramazani akasukuma fimbo mpaka ndani.

Ndege ikanguruma, ikaruka, ikaacha uwanja nyuma, na mbele yetu kulikuwa na miti na paa za watu. Mama Furaha alianza wimbo wa kanisani akaukatiza katikati.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo lilipo jambo lote. Kwetu mlimani, toa ni kuondoa. Toa viatu, toa sufuria motoni, toa ng'ombe shambani mwa watu. Hivyo ndivyo nilivyomaanisha. Lakini nimeishi Baraka miaka tisa, nimepanda boti mara ngapi? Kila asubuhi boti ikisukumwa kutoka mchangani, mtu wa mbele anapaza sauti, "Toa gaz!", na wa nyuma anafungua moto wote. Kwa watu wa boti, toa ni kumpa injini. Papa Ramazani ameitikia neno hilo tangu kabla sijazaliwa. Nilimpa amri, akaitii vilivyo.

Mwalimu wa lugha. Mimi ambaye huwakata wanafunzi alama kwa neno moja.

Tulizunguka. Mara ya pili nilisema "vuta nje, Papa, vuta," akavuta. Lakini safari hiyo tulikuja vibaya, tukadunda, tukapita mwisho wa uwanja tukaingia kwenye mihogo. Gurudumu la mbele lilivunjika, na mkono wa kushoto wa Papa Ramazani nao. Rubani yuko hospitali, yu hai, bado hajasema. Kama ningechagua neno jingine, tungesimama pale pale mara ya kwanza, na mkono ule ungekuwa mzima.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nimeifundisha methali hiyo darasani.

Jioni ile ile Mama Furaha alianza kusimulia, na hasemi uongo, anasema alichosikia. "Madamu alisema toa, ye akaongeza! Nilisikia na hii masikio yangu!" Yeye ni mtu wa shamba, kwake pia toa ni kuondoa. Watu wakacheka, wakatikisa vichwa. Baadaye hawakucheka tena, wakaanza kuulizana. Mtu asiyejua kuongeza na kupunguza, atatuvusha vipi mawimbi yakichafuka? Wiki hii boti ya Papa Ramazani imekwenda Mboko mara moja, na magunia tu. Hata mtu wake wa mbele, yule wa kupaza sauti, amehamia boti nyingine.

Mwanzoni nilinyamaza kwa aibu. Kisha nikanyamaza kwa woga, na woga ni mrefu zaidi. Nikisema kosa lilikuwa langu, kuna watu hapa ambao wanangoja sababu tu. Hawatasema neno lina maana mbili. Watasema mtu wa milimani alitaka kuiangusha ndege. Nimelala na hesabu hiyo siku kumi na mbili, kila upande ninaogeukia kuna ukuta. Kurudi kwa mama siwezi, ndege hakuna. Kukaa kimya namla mtu. Kusema najiponza.

Leo asubuhi kabla ya mvua nilikwenda ufukweni. Sikwenda kukiri, nisijisifu. Nilikwenda kumpelekea Papa Ramazani maziwa, kama mtu anayelipa deni kwa njia ya dirisha. Nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa boti, anaziba ufa kwa pamba, mkono mmoja unafanya kazi na mwingine umefungwa bendeji. Boti za jirani zilikuwa zinajaa watu. Yake ilikuwa na kuku mmoja, tena wa mtu mwingine.

Nikaanza kusema. Nilisema lile neno, toa, nikakwama hapo.

"Minajua, Madamu," akasema. Hakuacha kuziba. "Nilijua tangu tulipita juu ya ile mihogo. Weye ulisema ya kwenu, mi nikasikia ya kwetu."

"Sasa Papa, mbona ulinyamaza?"

Ndipo akaniangalia.

"Mi batanicheka tu. Weye habatakucheka."

Nililia pale pale mbele ya wasafiri wa watu, na yeye akajifanya anatafuta pamba. Alijua siku zote kumi na mbili! Ameuguza mkono na ameuguza jina, na ameniachia mimi makofi. Na niwe mkweli, nilikasirika pia. Kwenye ndege angalau kulikuwa na uwanja mahali fulani chini yetu, pa kutokea. Wema wa mtu huyu hauna mlango hata mmoja ninaoweza kutokea bila kukanyaga alichokilinda.

Nimerudi nyumbani na mvua ikaanza, na nimekaa nayo.

Nimefikiria kusema Jumapili kanisani. Hapana. Kanisani ni kwetu, watanisamehe kwa wimbo na chai, na ufukweni hakuna atakayesikia. Kosa limezunguka ufukweni, na litafutwa ufukweni. Papa Ramazani anaondoka kesho saa mbili asubuhi kwenda Mboko, hata kama ni na magunia. Mama Furaha hupanga maharage yake hapo hapo, hatua ishirini kutoka boti. Nitaanza na yeye. Nikimwambia yeye mmoja nimeuambia mji, na Mboko yote mpaka adhuhuri.

Nitamwambia nilisema nini, nilimaanisha nini, na mwenye boti alisikia nini. Wanaotaka kuongeza la kwao wataongeza. Naogopa. 

Ndiyo maana haya nayaweka hapa mtandaoni leo, kabla mvua haijakatika. Wanafunzi wangu watayasoma kabla ya jua kuzama, maana kusambaza wanajua kuliko kusoma. Nikishaweka, hata nikitaka kurudi nyuma kesho asubuhi, sitakuwa na pa kurudi. Safari hii mlango nimeufunga mwenyewe.

Kisha nitapanda boti. Pasta anisamehe kama nitachelewa kurudi kwa ajili ya ushuhuda, wangu nitakuwa nimekwisha kuutoa. Nitakaa mbele kabisa, mahali pa yule aliyehama. Wakitusukuma kutoka mchangani nitageuka nimtazame Papa Ramazani na mkono wake mmoja mzima, na nitapaza sauti kadiri ninavyoweza, watu wote wasikie, nimwambie atoe gaz.

Naye ataongeza.