Kibuyu cha Kutus Kwenye Wall Unit

Jumamosi, 7 Septemba 1996

Wageni wameondoka. Watu wa Kutus — kwao Muchangi, kijana anayemtaka Shiku wangu. Wamama sita, kila mmoja na mzigo wake. Mama Muchangi alileta uji kwa kibuyu kikubwa, cheusi kwa moshi. Uji mtamu! Lakini macho yote yalikuwa kwa wall unit yangu, kabati la sebuleni. Futi nane, rafu tano, kila rafu na kitambaa nilichofuma mwenyewe.

"Mama Shiku, hapa ni kwako ama ni hoteli?" mmoja akauliza.

Mimi, mjane wa kuuza misumari dukani — wacha waone!

Kibuyu wameniachia. Zawadi.

Jumanne, 10 Septemba

Rafu ya katikati ilikuwa inanisumbua. Redio kushoto, mbwa wawili wa udongo kulia, katikati pengo. Sasa ni kibuyu. Nimekisugua kwa msasa mpaka moshi wote ukatoka, nikapaka vanishi mara mbili. Kisha drili ya dukani — tundu chini la kupitisha waya, balbu juu, kifuniko chekundu cha taa. Taa!

Jirani yangu Watiri alisimama mlangoni: "Wewe! Utatumaliza."

Nalala na furaha.

Jumapili, 22 Septemba

Shiku amerudi analia. Muchangi amemwambia kwamba mamake anauliza kila siku kama kibuyu kimerudi. Ati kilikuwa cha kurudishwa! Na si kitupu — kiwe na uji wetu, au unga, au chochote cha nyumba hii. Kikirudi kimejaa, mmekubali posa. Kisiporudi, mmekataa, ila hamna mdomo wa kusema.

Ni cha cucu, nyanyake Muchangi. Wake wote wa boma lile walipokelewa kwa uji wa kibuyu hicho. Ule moshi ndio uliokuwa unaufanya mtamu.

Nami nikautoa kwa msasa.

Ningejuaje? Mimi niliolewa kwa D.C., ofisini kwa serikali, hakuna aliyeniletea uji. Na wao si wangesema? Wamama sita, midomo sita!

Lakini ningeuliza. Kuuliza tu.

Jumatano, 25 Septemba

Nimeziba tundu kwa nta. Limevuja. Kwa gundi. Halivuji, lakini maji yananuka vanishi. Nani atakunywa hiyo? Nimefikiria kununua kingine sokoni.

Shiku akaniambia, "Mami, wanakijua kama wanavyojua mtoto wao."

Nimekirudisha rafuni na balbu yake. Sikujua pengine pa kukiweka.

Jumamosi, 28 Septemba

Mama Muchangi yuko sebuleni! Peke yake, bila kutuma habari. Mimi niko jikoni, eti natengeneza chai, daftari hili mkononi.

Nimemwambia yote, hata msasa. Nimeomba samahani. Aliinuka, akakishika kibuyu shingoni kama anapima mtoto homa, akakinusa. Hapo ndipo nikakimbilia chai.

Sasa namsikia.

"Shiku, kuja hapa. Hii kitu ya cucu, inawaka?"

Nasikia ndara za Shiku zikija polepole.

"Si nakuuliza, mwanangu? Inawaka?"

"Inawaka, mami."

Mami! Amemwita mami, naye kaitwa mwanangu, na kibuyu hakijarudi!

"Basi washa nione."

Chai imefurika, imezima jiko. Siendi. Nasikiliza swichi —