"Hapana" ya Seneta Ostby

Jumanne, 1 Oktoba 2019

Jaji Tollefsrud amesema leo kwamba haelewi maana ya "eneo la makaburi". Kasema mahakamani, waziwazi, miwani mkononi. Sheria ya jimbo ya 1983 inamkataza mwenye ardhi kuwazuia ndugu wa marehemu kufika kwenye eneo la makaburi, na inamkataza kulifukua. Haisemi makaburi mangapi. Verna Stokke analo moja tu.

Ni la dada yake, Inga. Alikufa kwa homa ya mapafu akiwa na miaka sita. Theluji ilikuwa imefunga njia ya kwenda kanisani, baba yao akamzika kilimani nyuma ya zizi. Shamba likauzwa, likauzwa tena. Mwenye shamba wa sasa, tajiri wa Denver, alitia kufuli getini mwezi Mei. Anataka bwawa la samaki palepale. Buldoza limeshafika. Amri ya jaji ya kulizuia inaisha tarehe 25.

Pruitt, wakili wa tajiri: ng'ombe mmoja si kundi, Mheshimiwa. Watu wakacheka. Verna akasimama. "Huyo si ng'ombe, ni dada yangu!" Jaji akamwambia kwa upole, Mama Stokke, kaa.

Uamuzi: maneno ya sheria yenyewe hayatoshi, kwa hiyo itafutwe dhamira ya Bunge. Kila upande ulete kumbukumbu za 1983. Wanarudi tarehe 17.

Verna alinishika mkono mlangoni.

"Wewe wa gazeti. Eti wanakwenda kuwauliza waliotunga?"

Nikamwambia wanakwenda kusoma walichosema.

"Si wengi wao wameshakufa?"

Wengi, ndiyo.

"Na wao wamezikwa wangapi wangapi?"

Swali lake nimeliandika hivyohivyo.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mji mkuu wa jimbo, hifadhi ya nyaraka za Bunge. Noreen wa kaunta hakungoja nijieleze.

"Wa kaburi? Wenzako wameshapita. Rask juzi, Pruitt jana. Wote wametoka wanacheka."

Colleen Rask ndiye wakili wa Verna. Haiwezekani wote wawili wacheke kwa faili moja! Nikaliomba. Inawezekana.

Muswada ulipoingia Bungeni ulisema "kaburi au eneo la makaburi". Wawakilishi wakayafuta maneno mawili ya mwanzo. Mstari mmoja wa wino. Pruitt anafurahi — wameliondoa kaburi, maana yake hawakulitaka. Lakini pembeni ya mstari kuna neno moja la kalamu ya risasi, mwandiko mdogo: "yamerudiwa". Rask anafurahi — wameliondoa kwa sababu lilikuwa tayari limo ndani ya makaburi.

Nilitoka kula. Supu ya maharage na nyama, andazi la mdalasini pembeni, kama tulivyokula shuleni. Nilipomaliza nilikuwa upande wa Rask. Nilipolipa nilikuwa upande wa Pruitt.

Mchana nikafika kwenye kumbukumbu za kamati ya Seneti, muswada uliporudi huko. Mstari mfupi: "Seneta Hanley aliuliza kuhusu kaburi moja. Seneta Ostby, mwenye muswada, alisema hapana."

Basi. Limekwisha. Verna kashindwa.

Lakini mwandishi wa kikao hunakili kwa ufupi, na mimi nimefanya kazi hiyohiyo miaka mingi mno kuamini ufupi wa mtu mwingine. Nikaomba tepu. Noreen akasema mashine iko kwa fundi, nirudi Jumanne.

Jumanne, 8 Oktoba

Tepu inasema hivi. Kiti kinaburutwa. Mtu anakohoa. Hanley: "Na kama kaburi ni moja tu?" Kabla Ostby hajajibu, sauti nyingine, sijui ya nani: "Na kama ni la mbwa?" Kicheko chumba kizima. Ndani ya kicheko, Ostby: "Hapana, hapana." Mwenyekiti: "Tuendelee." Wanaendelea, ada za mazishi.

Hapana kwa nani? Kwa Hanley, au kwa mbwa?

Mara ya kwanza nilisikia anamjibu mbwa. Nikarudisha — anamjibu Hanley. Nikavua vifaa vya masikioni, nikanywa maji, nikarudi: mbwa tena. Halafu nikaona kitu kibaya zaidi. Amesema hapana mbili. Moja moja kwa kila swali? Au moja tu iliyorudiwa, kama mtu anayepunga mkono kufukuza nzi?

Nikamwita Noreen asikilize.

"Unasikia nini?"

"Nasikia mwanamume anayetaka kwenda kula."

Hanley alifariki 1996. Mwenyekiti naye. Niliangalia orodha ya kamati, majina tisa. Aliye hai ni mmoja. Ostby mwenyewe!

Jumamosi, 12 Oktoba

Dale Ostby ana miaka themanini na minane. Anaishi na mkewe, Arlys, shambani kwao, kaskazini, mahali ambapo redio inashika stesheni moja tu. Upepo wa siku nzima. Arlys alileta kahawa na pai ya tufaha kabla sijakaa.

Nikamwuliza moja kwa moja: kaburi moja limo katika sheria yake au halimo?

"Limo, bwana! Litakosaje?" Kisha akageuka. "Sheria gani hiyo?"

"Ya makaburi, Dale," Arlys akasema.

"Aaa! Ile ya makanisa. Makanisa ya mashambani yalikuwa yanafungwa, viwanja vinauzwa watu wetu wamezikwa humohumo. Ndiyo niliyokuwa nawaza. Kaburi la peke yake sikuliwaza hata kidogo."

Kwa hiyo halimo?

"Nimesema halimo? Nimesema sikuliwaza."

Nikamsomea tepu nilivyoinakili. Alisikiliza vizuri, mkono sikioni.

"Nani alisema mbwa?"

Nikamwambia nilitumaini yeye ataniambia.

"Hanley alikuwa na mbwa," akasema. "Mbwa mzuri."

Arlys akaweka birika chini. "Usimkamate kwa hapana yake, bwana wa gazeti. Huyu husema hapana kwanza, kisha ndipo anafikiri. Mimi ndiye niliyemwuliza kama tuoane. Akaniambia hapana, hapana. Tukaoana Juni."

"Uliuliza mbele ya ng'ombe," Ostby akasema.

"Na wewe ukawaogopa ng'ombe!"

Walicheka mpaka Ostby akakohoa. Sikucheka. Nilikuwa nahesabu: hapana mbili tena.

Nikiwa garini nikampigia Rask. Alinishukuru, akasema haimsaidii. Mtunga sheria hawezi kuja leo kueleza alikusudia nini zamani. Mahakama inapokea kilichosemwa siku ile, basi. Kwa hiyo mtu pekee duniani aliyeitamka ile hapana ndiye asiyeruhusiwa kuieleza. Na hata angeruhusiwa, angeeleza nini!

Jumapili, 13 Oktoba

Mhariri kapiga. Anataka aya moja ya kueleza sheria inasemaje. Aya moja tu.

Nimeandika. Nimefuta. Nimeandika kinyume chake — nayo ilikuwa sahihi.

Verna kapiga pia. Hakuuliza habari za seneta. Ameuliza kama kutoka barabarani buldoza linaonekana limesogea. Nilipita pale jana jioni. Halijasogea.

Alhamisi, 17 Oktoba

Tepu imechezwa mahakamani, spika mbili, sauti juu. Pruitt alinyoosha kidole hewani penye "hapana". Rask alinyoosha chake palepale. Penye mbwa mtu mmoja tu alicheka. Verna. Alijifunika mdomo, lakini alicheka.

Jaji akaomba irudiwe. Ikarudiwa mara mbili. Akavua miwani.

"Nimeisikiliza mara tatu, na kila mara natoka na sheria nyingine. Kabla sijasema kaburi ni makaburi au si makaburi, nataka kuliona."

Mahakama itakwenda shambani. Pruitt hakupinga, ila akaomba Mama Stokke asiwepo. Akifika kaburini akiwa ndugu wa marehemu, atakuwa ameshapewa kilekile anachokidai. Kusema kweli, hoja ina mantiki. Rask akajibu kwamba jiwe lenyewe lina ukubwa wa mkate, limelala nyasini, na hakuna mtu mwingine aliye hai anayejua lilipo. Pruitt akaangalia karatasi zake.

Jaji: Mama Stokke atakuja, lakini kama mwonyesha njia. Si kama ndugu.

Verna akainua mkono kama mwanafunzi.

"Nije na maua?"

Pruitt alikuwa ameshasimama. "Maua ni ziara, Mheshimiwa!"

Jaji akatikisa kichwa. "Bila maua, mama. Samahani."

"Sawa. Na magoti je?"

"Magoti yamefanya nini?"

"Jiwe liko chini na mgongo wangu haupindi. Kulionyesha mpaka nipige magoti. Nikipiga, ni njia naonyesha au ni ziara?"

Hakuna aliyecheka. Jaji akaandika, akakata, akaandika tena.

"Hilo tutaliamua hukohuko," akasema.

Utabiri unasema theluji Jumapili usiku, nyepesi. Jumatatu tarehe 21, saa nne asubuhi, getini. Ufunguo ataleta Pruitt.