Umsimamie Kemirembe Anywe Maji

Machimbo ya Bati, Kyerwa,
Karagwe.
14 Julai 1953

Dada mpendwa Kokuhirwa,

Xaveria amekufa. Tumemzika Jumatano.

Shikamoo dada. Habari za Masaka? Shemeji na watoto wazima? Mimi mwili mzima. Ila naogopa, dada, sijawahi kuogopa hivi.

Mke wangu hakuugua siku nyingi. Mgongo, homa, kutapika, siku sita basi. Hospitali ya misheni wakasema figo zimeharibika. Hapo ndipo Deodatha, mkunga wa pale, aliponiambia kuwa mkojo ulikuwa unamtoka Xaveria tangu amzae mtoto wetu wa mwisho. Miaka tisa. Akikohoa unatoka, akibeba mkungu wa ndizi unatoka. Mimi sikujua. Deodatha akanitazama. "Wewe mzee, hiyo pua unayo ya nini?"

Unakumbuka mlivyomsifu kwa nyasi. Wengine hutandika nyasi mpya sakafuni mgeni akija au sikukuu. Xaveria alitandika kila asubuhi. Marehemu mama alisema nimeoa mwanamke msafi kuliko wote. Kumbe alikuwa anatoa zilizolowa. Na maji hakunywa, apate kukaa kanisani na wenzake. Deodatha anasema kiu hiyo ndiyo iliyommaliza. Anasema mkojo ule wa kutoka mtu akikohoa wanawake wengi wanao, si laana wala uchafu, unatibika, na mtu asijinyime maji.

Jumamosi nilikwenda Kituntu kumwona binti yangu Kemirembe. Nikakuta lundo la nyasi mbichi mlangoni. Nikaingia bila kubisha hodi.

Mwezi wa pili alikaa na uchungu siku mbili, mtoto akatoka amekufa. Tangu hapo mkojo unadondoka tu, amelala, amesimama. Akaniambia, "Baba, usikae karibu, nanuka." Nikakaa. Nikamuuliza mumewe anasemaje. Akacheka kidogo. "Projest? Hizo nyasi anakata yeye. Anakata vibaya, kama ng'ombe kapita." Kijana yule amenishinda mimi kwa kumjali mke.

Lakini midomo ya Kemirembe imepasuka. Hanywi. Nikauliza nani kamfundisha. Akasema ni mama.

Nikampeleka kwa Deodatha. Anasema ya Kemirembe si kama ya mama yake. Ndani pametoboka kwa ule uchungu mrefu. Ni jeraha, na linashonwa. Huku hakuna wa kushona. Kampala anasema yuko.

Basi barua hii anakuletea Kemirembe mwenyewe, na Projest. Wanapanda lori la kahawa leo hapo Nkwenda. Sikungoja jibu lako, nisamehe. Wapeleke hospitali kubwa. Usimlaze jikoni wala nje, mlaze na watoto wako. Mpe maji, umsimamie mpaka kikombe kiishe. Atasema ameshatosheka. Anadanganya. Mama yake naye alisema hivyo, na mimi nikaamini.

Daktari akisema haiwezekani, niandikie. Usinifiche. Nimefichwa vya kutosha.

Msalimu shemeji Rwezaura, na Renatha na wadogo zake. Mungu awape afya nyote, na hawa wawili awavushe mpaka wa Uganda salama.

Siku za msiba nilizopewa zimekwisha. Kesho narudi kazini.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Cassian Rwegoshora