Elia Hakuweka Maji

Baba Wakesho wangu,

Jumanne nilikwenda Marungu kumwona Elia. Nimeona nikuandikie, kwa sababu jambo hili tulilijua sisi wawili tu, na tangu ulale nimelibeba peke yangu.

Ningeweza kupanda Sagalla na kukuambia kwa mdomo pale kaburini kwako. Lakini mimi na wewe tulishazoea karatasi. Miaka ile ya mwisho, neno zito nilikuandikia nyuma ya daftari la karakana, ukalisoma, ukanijibu kwa sauti kubwa bila kujua ni kubwa. Majirani wakajua nusu ya mambo yetu, ile nusu yako.

Nakumbuka siku nilipojua habari ya masikio yako. Ulikuwa umeinamia pampu ya maji ya mtu wa Chawia. Nilikuletea chai, nikakuita mara tatu nikiwa nyuma yako, usigeuke. Nikadhani umenikasirikia. Nilipokugusa bega ulishtuka mpaka spana ikakutoka mkononi. Ukaiokota, ukasema, "Usimwambie mtu." Hukutaja ni kitu gani nisimwambie mtu, na mimi sikuuliza. Miaka yote ya jenereta na mashine za kusaga ilikuwa imechukua chake. Na wewe Voi nzima walikujua kwa jambo moja: fundi anayesikiliza injini kwanza, ndipo ashike bisibisi. Wangeambiwa masikio yamekwenda, nani angekuletea kazi tena?

Wiki ileile nikahamisha cherehani yangu kutoka nyumbani, nikaiweka kwenye kona ya karakana. Watu wakasema wale wawili wanapendana sana, hawawezi kuachana hata mchana. Hawakukosea, lakini nilikuja kusikiliza. Mteja akiongea ulimwangalia midomo, akigeuza uso uliniangalia mimi. Injini ikiwaka ulikuwa ukiniuliza kwa macho, "Inasemaje?" Nami nikajifunza kukueleza kwa vidole, nikigonga meza ya cherehani jinsi mlio ulivyokwenda.

Siku ya Ziwa Jipe sikuwapo. Wakesho alikuwa hospitali, anajifungua mtoto wake wa kwanza, na mimi nilikuwa naye. Kile kikundi cha akina mama wanaonunua samaki ziwani kilikuita, kwa sababu injini ya boti yao ilikuwa inakosa nguvu: inawaka vizuri asubuhi, ikifika katikati ya ziwa inaanza kutetemeka na kupungua. Nilikuambia usubiri nitoke hospitali. Ukasema watu hawawezi kungoja, samaki wanaoza. Ukaenda peke yako.

Ulinieleza baadaye ulivyofanya. Ulisafisha kabureta, ukabadilisha plagi zote mbili, ukaifunga injini kwenye pipa la maji pale ufuoni na kuvuta kamba yake. Iliwaka mara moja. Uliweka kiganja juu yake, ukaona inatetemeka sawasawa. Baada ya dakika chache ukaizima, ukafuta mikono, ukawaambia imepona.

Kesho yake wanawake wanne walitoka nayo, Elia, mwendesha boti wao, akiendesha. Walikwishapakia samaki, wanarudi, injini ikaanza kukohoa, ikafa. Upepo wa Jipe unajua mwenyewe ulivyo mchana. Uliwasukuma hadi kwenye matete, upande ule wa viboko. Elia alisimama na kasia akiizuia boti isiingie ndani zaidi, akiwaambia wale mama wakae chini na wasipige kelele. Walikaa hivyo mpaka alasiri, mitumbwi ya wavuvi ilipowaona. Hakuna aliyeumia. Samaki waliharibika wote.

Mwenyekiti wao, Mama Naomi, alifungua tangi la petroli na kuona maji kidogo chini. Elia ndiye aliyekuwa akinunua petroli. Ikasemwa anaiba, anauza nusu, anajazia maji. Wakakupigia simu. Niliishika mimi, nikakuandikia swali lao: maji yanaweza kuzima injini? Ukajibu, "Yanaweza." Na kweli yanaweza. Siku hiyohiyo Elia akaambiwa asirudi.

Wiki mbili baadaye wakatuletea injini Voi, kwa sababu walishamwaga petroli yote, wakaweka mpya, na bado ilikuwa inakufa. Uliiweka kwenye pipa nyuma ya karakana. Ikawaka. Nikagonga meza: sawa, sawa, sawa. Ulitaka kuizima, nikakushika mkono nikakuonyesha tungoje. Tukangoja mpaka maji ya pipa yakawa ya moto. Hapo ndipo nilipousikia, mlio mmoja unaruka, kama mtu mwenye mguu mbovu. Nikagonga meza jinsi ulivyokuwa ukiruka, na uso wako ukabadilika.

Ulichomoa waya wa plagi ya juu, injini ikafa. Ukaiwasha tena, ukachomoa wa chini, haikubadilika hata kidogo. Silinda ya chini ilikuwa imelala. Ukahamisha plagi ya chini juu na ya juu chini, ugonjwa haukuhama. Ukahamisha koili, ile inayoipelekea plagi umeme, ugonjwa ukahama nayo. Ilikuwa koili, Baba Wakesho. Ikiwa baridi inafanya kazi, ikipata moto inakata. Kwa zile dakika chache ulizoiwasha ufuoni, kiganja chako kisingeweza kukuambia. Maji yale kwenye tangi yalikuwa kama yaliyo kwenye tangi lolote linaloshinda nje.

Ulikaa juu ya ndoo ukaishika ile koili kwa kitambaa. Ukasema, kwa sauti yako ile kubwa, "Elia hakuweka maji."

Nikakimbilia kufunga mlango. Kisha nikachukua daftari. Haya maneno niliyaandika mimi, na ningependa yasomwe kama yalivyokuwa: "Usiseme kitu. Ukisema, watauliza ilikuwaje hukusikia." Uliyasoma. Uliyasoma tena. Ukatikisa kichwa kunikatalia, nami nikaandika chini yake majina ya watoto wetu wawili waliokuwa bado shuleni. Ukafunga daftari.

Tuliirudisha injini na koili mpya. Tuliwaambia imetengenezwa. Jina la Elia hatukulitaja.

Tangu hapo uliniuliza habari zake mara nyingi kuliko ulivyouliza habari za ndugu zako. Ulisikia amerudi kwao Marungu, anachunga mbuzi wa baba yake. Ulisikia mkewe amekwenda kwao. Kila mara ulisema, "Twende," na kila mara nilikuwa na sababu. Kwanza shule, kisha harusi, kisha figo zako. Mwezi wa mwisho, ukiwa kitandani, uliniita ukasema, "Mama Wakesho, mimi sitafika Marungu." Nilikushika mkono. Sikukuahidi kitu. Nilikuwa naogopa hata wakati ule.

Sasa nikueleze nilivyofanya.

Nilianza Jipe, Jumapili, baada ya ibada yao. Niliomba kusimama mbele ya kikundi. Niliwaambia yote: masikio yako, koili, daftari, na kwamba aliyekuzuia kusema ni mimi. Mama Naomi amezeeka. Alisema polepole, "Tulimwita mwizi mbele ya watoto wake, Mama Wakesho." Hakunifokea. Ningefurahi kama angenifokea. Mwishowe walikubaliana kumwomba msamaha, na Mama Naomi akataka mimi nitangulie, kwa kuwa mzizi wa jambo ulikuwa kwangu.

Marungu nilifika kwa bodaboda. Elia alikuwa anatengeneza ua wa miiba ambao tembo walikuwa wameubomoa. Alinitambua. Aliniletea kiti, akanipa pole ya msiba wako, akasema habari zilimfikia zimechelewa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini niliyasema ovyoovyo. Nilipofika kwenye koili aliacha kunitazama. Nilipomaliza aligeukia ua, akasukuma tawi la miiba mahali pake.

Kisha akauliza, "Siku ile pale ufuoni, fundi alikuwa hasikii?"

"Mlio mdogo hakusikia. Na mtu akiwa nyuma yake hakusikia kabisa."

"Mimi nilikuwa nyuma yake," alisema. "Nilikuwa nimeshika pipa lisiyumbe. Mwishomwisho nikasikia imeanza kuruka. Nikamwambia, 'Fundi, hebu iache kidogo, inakosa.' Nilimwambia mara mbili, mama. Akaizima, akafuta mikono, akapita mbele yangu kama sipo."



"Ya kuitwa mwizi niliivumilia," akaendelea. "Watu wakikosa samaki wanatafuta mtu. Lakini yule mzee nilimheshimu. Nikirudi huku nilikuwa nawaza, mtu kama yule ameona mimi si wa kujibiwa hata neno. Hilo ndilo lililonikaa." Akainama akachukua mwiba, akauweka chini tena. "Kumbe hakunisikia."

"Hakukusikia, Elia."

"Basi," akasema. "Basi."

Hakusema amenisamehe mimi, na sikumwomba aseme. Nilichofanya kilikuwa kwa macho mazima na masikio mazima. Lakini alinisindikiza hadi barabarani, akiniuliza uliugua nini, na kama uliteseka. Nilimwambia ulikuwa ukimtaja. Wakati naondoka akauliza lini tunajengea kaburi. Nikamwambia mwezi ujao, mwishoni mwa wiki, watoto wakiwa nyumbani. Akasema Sagalla maji ni shida, saruji itataka maji, na yeye atakuja na punda wawili wenye madumu.

Pumzika, mume wangu. Sitakuambia nimetua mzigo wangu wote. Wako nimeufikisha.

Ni mimi mkeo,
Mama Wakesho