Mbegu ya Mama Mkwe Niliyoipika

Jumamosi, wiki ya kwanza ya Majilio. Hapa Ifakara mvua imeanza saa saba mchana na mpaka sasa haijaacha. Bati linapigwa kiasi kwamba nikiimba mwenyewe sijisikii.

Shajara yangu, umezoea nikija nakuandikia raha. Miezi minne ya ndoa, na bado nikitaka kuosha vyombo naivua pete, naiweka kwenye kisahani, halafu naitazama kama kitu nilichookota njiani. Nimeshakuandikia jinsi Deo anavyonichemshia maji ya kuoga kabla hajaenda shamba. Nimekuandikia hadi harufu ya shati lake. Leo sina hayo. Leo nina aibu, na nisipoiandika itanikaa kooni.

Nilipika mbegu.

Ngoja nianze mwanzo. Mama mkwe anaishi Masagati, huko mbele ya Mlimba. Alipokuja kwenye harusi yetu, baada ya mavuno, alibeba kiroba cha mpunga kilichofungwa kwa kitambaa chekundu. Aliniita pembeni mimi peke yangu, Deo hakuwepo, akakipandisha kichanjani kule jikoni. Akaniambia ni mpunga wa kunukia aliopewa na mama yake siku alipoolewa yeye, na hajawahi kuacha kuupanda hata msimu mmoja. Ghalani kwake panya walikuwa wamezidi, kwa hiyo mbegu yote kaileta kwangu. Mvua zikianza atakuja tugawane, nusu yake, nusu yetu, ya kupanda kwenye shamba la bondeni alilompa Deo. Mpunga wowote mwingine humu ndani nile, alisema, huu nisiuguse.

Nikaitikia, ndiyo mama. Siku ile nilikuwa na furaha hivi kwamba ningeitikia chochote.

Mwezi uliopita ikafika zamu yetu ya kuipokea jumuiya. Ilikuwa mara ya kwanza watu kusali nyumbani kwangu nikiwa mke wa mtu, na nilitaka baada ya sala wale. Mchele tuliokuwa nao ulikuwa wa kawaida, hata ukiiva hauna habari. Nikawaza wageni wakiwa bado nje wakutane na harufu. Nikawaza waseme Deo kapata mke. Nikajiambia nachota kidogo tu. Lakini mashine ya kukoboa haipokei chini ya debe, na kiroba chote kilikuwa kama debe moja. Nikakifungua kile kitambaa kwa mikono yangu, nikahamishia mpunga kwenye mfuko mwingine, nikampa Deo apeleke mashine kwa baiskeli. Hakuuliza. Aulize nini? Mke wake kampa.

Wali ule ulinukia hadi kwa majirani. Walinisifu, na sifa zote nilizipokea.

Kitambaa chekundu nilikifua nikafungia pazia la jikoni.

Jumatano mama mkwe akafika, viatu vimejaa tope la njiani. Nikapiga goti, shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu kwa sauti ya mtu aliyenikumbuka. Hata chai hakunywa, akaomba kiroba. Halafu akaliona pazia. Akatuuliza wote wawili mpunga wake uko wapi.

Mimi nikaangalia miguu yake. Deo akanitazama mara moja tu, na nikaona kwamba hapo ndipo alipoelewa alichokuwa amekibeba kwenye baiskeli.

"Niliupeleka mashine mimi, mama," akasema.

Si uongo. Hilo ndilo linaloniumiza. Angeweza kusema ni huyu mliyenioza ndiye aliyenipa, na ingekuwa kweli zaidi. Mama hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mtu anayekula mbegu hana mkono wa kulima, kwa hiyo shamba la bondeni atampa mdogo wake Deo. Deo akajibu sawa, mama. Mimi nikaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Nikanyamaza. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.

Alhamisi nilimlilia Deo tukiwa peke yetu. Nilidhani ataniambia ameshalimaliza. Akasema lililo lake amelisema, lililobaki ni langu, na kwamba yule ni mama yangu pia. Halafu akanimenyea embe. Nampenda huyu mwanaume hadi naogopa, na hata hivyo nilimwacha avae kosa langu kama koti.

Leo asubuhi tukaenda jumuiya kwa jirani, mama mkwe naye akaja. Tafakari ilihusu ile bustani ya mwanzo, nyoka na tunda. Mwenyekiti akasema bibi harusi amefika kidato cha nne, basi atufungulie.

Ungenisikia! Nilianza mbali. Nikawasimulia ile hadithi ya kale ya malaika aliyekuwa mzuri kuliko wenzake, aliyekataa kuinama, akatupwa chini na uovu ukaanguka naye. Nikawasimulia na nyingine ya malaika walioshuka kwa kutamani wanawake, wakawafundisha watu kufua panga za vita na kupaka wanja. Mzee Beni, fundi baiskeli, akanitazama machoni akasema kumbe wanja ulionao ni wa tangu huko. Watu wakacheka. Nikacheka nao. Nikamalizia na nyoka, halafu na mama yetu wa kwanza.

"Kwa hiyo tukubaliane," Mzee Beni akasema, "shida iliingilia upande wa akina mama."

"Na huyo baba yenu hakuwa na meno ya kukataa?" mama mkwe akamuuliza. Kicheko kilikuwa kikubwa. Akasubiri kiishe. "Tunda lenyewe mimi halinisumbui sana. Alipoulizwa akamsukumia mkewe, hapo ndipo paliponiudhi. Huyu wangu amenikosea wiki hii, amenikosea vibaya. Lakini nilipouliza alisema ni yeye."

Akamgusa Deo begani.

Nilikuwa nimemaliza kueleza hadithi tatu za uovu ulikotoka, zote nazijua vizuri, na katika zote kuna wa kunyooshewa kidole. Malaika. Nyoka. Mwanamke. Hakuna hata moja inayoanza na mimi.

Mwenyekiti akauliza basi tumaini letu liko wapi, maana tuko Majilio. Nilikuwa na jibu la darasani, uzao wa mwanamke utakaomponda nyoka kichwa, lakini nikainama kurekebisha kanga. Mama mkwe ndiye aliyejibu. Alisema yeye hushika kitu kimoja, kwamba Mungu kabla hajawatoa bustanini aliwavisha nguo. Mtu anayekufukuza moja kwa moja, alisema, hahangaiki na baridi utakayoipata.

Tuliporudi, akakaa barazani na ungo kuchagua mchele wa mchana. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima. Nikapiga goti na yote yakapotea.

"Mama, mbegu niliitoa mimi. Deo hakujua. Nilimpa tu apeleke."

Aliendelea kuchagua. Mvua ikaanza kudondoka na wala hakuinua kichwa.

"Ulitaka nini?" akauliza.

"Nisifiwe."

"Ulisifiwa?"

"Ndiyo, mama."

"Hm." Akapepeta mara mbili. "Chuya zake ulizitupa wapi?"

Sikumwelewa mara moja. Chuya, zile punje ambazo mashine huzipita bila kuzikoboa, unazitoa kwenye mchele moja moja ili zisije zikamkwaza mtu kwenye wali. Nilikuwa nimezichagua siku ile kwa bidii sana, kwa ajili ya wageni, nikazitia kwenye kopo la kuku. Kuku wetu wawili wa harusi wanapenda zaidi pumba, hivyo kopo halikuwa limepungua sana.

Tukalimwaga kwenye ungo, vichwa vimekaribiana, tukatafuta punje zisizovunjika, zinazoweza kuota bado. Deo akaja akasimama mlangoni. Mama akamwambia bila kugeuka kwamba naye ni mwongo. Akajibu kwamba aliulizwa mpunga uko wapi akasema aliupeleka, sasa uongo uko wapi? Akaambiwa akalete kikombe.

Zilijaa kikombe kimoja cha chai. Kutoka debe zima.

"Mama yangu alinipa punje za fundo moja la kanga," alisema. "Hazikufika hizi."

Akagawa nusu kwa nusu, kwa macho, kisha akaongeza chache upande wangu. Kuhusu shamba alisema atafikiri, na sikuthubutu kuuliza mara ya pili. Akaenda kukifungua kitambaa kwenye pazia, akafungia zake. "Wewe funga kwa kingine," akaniambia. "Hiki umeshazoea kukifungua."

Sijisikii kama mtu aliyesamehewa akaruka kwa furaha. Bado nikikumbuka ile Jumatano najificha uso nikiwa peke yangu. Na Jumamosi ijayo nitawaambia wanajumuiya walikula nini, hata kama Mzee Beni ataniimbia mwaka mzima.

Punje zangu nimeziloweka kwenye bakuli. Zilizo tupu huelea, nzima huzama. Nimechungulia mara tatu tangu nianze kuandika, na zilizozama ni nyingi kuliko nilivyostahili.

Kesho asubuhi mama anapanda basi la Mlimba. Nitambebea mfuko hadi kituoni, nitapiga goti nimuage, na safari hii nitamtazama usoni.