Kofia Yetu Nyuma ya Kioo

Dada yangu mpenzi Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Vipi hali yako, na vipi macho? Yale matone niliyokuletea unayatia, au umeyafungia kabatini pamoja na kanga mpya unazozitunza? Sisi hapa Laurel, Marekani, tu wazima, alhamdulillahi, na leo nina habari ambayo simu ingeiharibu. Kwenye simu unaniuliza mvua, nakujibu mvua, inakatika.

Da Mwanaidi, kazi yetu imewekwa makumbusho.

Unamkumbuka jirani yangu Ruthi, yule mama wa Kiyahudi anayeniletea kila Ijumaa mkate uliosukwa kama nywele? Mwaka ule mwanawe alipokuwa anaoa, aliniona nashona kofia ya viua, akaniomba nimshonee bwana harusi. Nikashona wiki saba, kofia kamili na ukuta wake, kama za kwetu. Ruthi alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Salma, mwanangu anaoa Maryland, haoi Zanzibar!" Kumbe wao huvaa lile duara la juu tu, linakaa kisogoni. Nikaufumua ukuta wote huku machozi yananilengalenga.

Kufumua ulinizoesha wewe. Mimi nina miaka tisa, wewe kumi na sita, tumetoka chuo cha Kurani, tumekaa mkeka mmoja ukumbini kwetu Ng'ambo. Unapitisha kidole kiua kwa kiua, kila kitundu na uzi wake: "Hiki kimelia. Hiki kimesinzia. Fumua." Nilikuchukia, wallahi. Siku moja nikaificha kofia chini ya gunia la mchele, nikakwambia paka kaichukua. Ukasema, "Basi paka huyo ana huruma, kaniepusha na aibu." Na zako wewe zilitoka nyumba ile moja baada ya moja, wanaume wakazivaa Idi na harusi, wakasifiwa wao. Sikumbuki hata mmoja aliyeuliza nani kashona.

Basi Jumapili iliyopita Ruthi akatupakia garini, mimi na Salma wangu, mpaka Washington, kwenye makumbusho ya historia ya Wayahudi. Yeye ndiye aliyewapa ile kofia walipotafuta vitu vya harusi za watu wa huku. Nilisali dhuha, nikatia kazi yangu mkobani kama kawaida, tukaenda. Mna vitabu vya sala vimelika pembeni kwa kushikwa, mna vinara, mna picha za maduka yao ya zamani. Mna na barua za watu waliokimbia kuuawa, wakaja na sanduku moja. Hapo Ruthi alinishika mkono. Nikawaombea waliobaki nyuma, kwa maneno ninayoyajua.

Kufika chumba cha harusi, nikaiona kofia yetu nyuma ya kioo. Taa inaimulika kwa juu, kila kiua kimefumbua jicho. Nikasema "Allahu Akbar" kwa sauti, mlinzi akageuka.

Salma akanisomea kadi: kofia ya harusi, kazi ya mkono, Afrika Mashariki.

"Basi?"

"Basi, Mama."

"Na mshonaji?"

"Hawajaandika."

Dada, zikanijia kofia zako zote kwa mara moja. Nikamwambia, niitie mkubwa wao.

"Mama, pliz, watu wanatuangalia."

"Si wamekuja kuangalia? Niitie."

Akaja mama mmoja mpole, amevaa miwani. Kiingereza changu unakijua, cha darasa la saba na cha jikoni ninakofanya kazi. Nikamwambia, ile nimeshona mimi. Akatabasamu kama unavyomtabasamia mtoto aliyesema ameona malaika. Sikubishana. Nikakaa kwenye benchi, nikatoa kitambaa na sindano, nikatoboa, nikazungusha uzi mpaka kiua kikafunga. Watu wakasogea. Yule mama akainama, akaangalia mkono wangu, akaangalia kioo, akarudi mkononi. Ruthi akapaza sauti, "Ndiye huyo! Ndiye!" utadhani anamwoza mwanawe tena. Wakapiga makofi, dada! Salma aliyekuwa anaona haya ndiye akaanza kupiga picha.

Mama yule akaniomba radhi, akasema kadi itaandikwa upya na jina langu. Kisha akauliza, nani alikufundisha? Nikamwambia ni dada yangu, yuko hai, yuko Unguja. Akasema basi na yeye tumwandike. Hapo nikamzuia. Nikasema dada yangu ni mtu wa stara, siliweki jina lake mbele za watu mpaka aniruhusu.

Najua utasema Mola ameona, yatosha. Ni kweli ameona. Lakini sasa macho yamechoka na sindano umeiweka chini, na mimi sitaki kusimama pale peke yangu kama niliyezaliwa najua. Nikubalie hili moja.

Kadi inachapwa mwisho wa mwezi. Mwambie mwanao aniandikie jina lako kamili, na la baba na la babu, vile unavyotaka lisomwe. Mungu akuhifadhi. Nijibu upesi, dada.

Mdogo wako,
Mama Salma