Kamba ya Mguu wa Nietiwe

Ijumaa, 3 Oktoba 1975

Nimepangusa maboksi matupu tena. Asubuhi nzima. Boksi la sabuni, sabuni hamna. Boksi la kibiriti, kibiriti hamna. Ni agizo la Kazimoto: rafu zisikae uchi, mteja akiingia aone duka. Basi mteja anaingia, anaona duka, anaomba sabuni, namwambia hakuna, ananitazama mimi kisha analitazama boksi. Leo mama mmoja wa kambi ya mkonge kaniuliza kama namfanya mtoto mdogo.

Kitu tulichonacho ni mablanketi. Marobota manne. Same hii, na jua hili, bati la duka linalia kwa joto, sisi tunauza mablanketi mazito ya kijivu. Vyandarua vimepelekwa tawi letu la Chome, kule juu kwenye baridi, ambako mbu hata ukimtafuta humpati. Nilimwambia Kazimoto tubadilishane, lori moja tu lingetosha. Akasema mgawo umetoka mkoani na mgawo ni mgawo. Huyo ndiye Msimamizi wa Matawi. Ukutani nyuma ya kiti chake pameandikwa kwamba sote ni ndugu, lakini ukimwita Ndugu Kazimoto haitiki. Mpaka useme Bwana Msimamizi.

Barua yangu ya uhamisho bado iko mezani kwake, chini ya kikombe. Imeshapata duara la chai.

Jumatatu, 6 Oktoba

Anaeli, dereva wa lori la mbao, kapita na salamu za nyumbani. Mama kampa aniletee ndizi na kamba ya mgomba yenye fundo ncha zote mbili. Kutoka fundo hadi fundo ndio mguu wa Nietiwe, kisigino mpaka kidole gumba. Januari anaanza shule, anataka viatu. Kamba nimeiweka humu ndani ya daftari.

Mwanangu ana miaka sita. Baba yake alikwenda kwenye mkonge Tanga akanyamaza, sina zaidi la kuandika juu yake. Mwaka juzi nilimleta Nietiwe hapa Same tuishi wote. Malaria ikamlaza wiki tatu, akabaki macho matupu. Mama akashuka, akambeba mgongoni, akaniambia huyu harudi tena tambarare. Hakukosea. Tangu hapo namwona Pasaka na Krismasi. Mara ya mwisho alisimama mlangoni mikono nyuma, akaniamkia shikamoo kama anavyomwamkia mke wa mchungaji. Niliitikia marahaba, kisha nikaenda jikoni kulia.

Muuzaji wa Chome anastaafu Desemba. Nafasi niliyoiomba ni hiyo moja. Kazi ile ile ninayoifanya hapa, ila jioni nikifunga duka ni kupandisha kijia tu, niko nyumbani. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka nafasi ile. Saa nne nikisimama mlangoni naona wingu limekalia mlima wetu, Shengena. Najua chini yake kuna ukungu, matone kwenye majani ya mgomba, moshi wa jikoni kwa mama. Mimi huku natafuna vumbi.

Mzee Mshamu wa stoo aliitazama ile kamba. Mtu wa Lindi huyu, alikuja kukata mkonge enzi hizo akasahau kurudi. Mchana kaja na jozi ya viatu vyeusi vya mtoto, iliyobaki peke yake tangu mgawo wa mwaka jana. Tumelaza kamba ndani ya kiatu. Imeenea kabisa. Nimevinunua, nimevifunga kwenye kanga.

Jumamosi nitapanda nimvalishe mwenyewe. Ruhusa ninayo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ruhusa sina.

Wageni wa mkoani wanakuja Jumamosi. Kazimoto anasema hakuna anayejua kupanga rafu kama mimi. Asante sana. Miaka minne kazini, sifa yenyewe ndiyo hiyo, kupanga vitu visivyokuwepo. Nikamwambia mtoto ananisubiri. Akasema sote tuna watoto. Familia yake iko Mahenge, hilo nalijua. Ana wangapi sijawahi kumwuliza, na leo sikutaka kujua.

Anaeli angeweza kuvipeleka viatu. Sikumpa. Nataka mguu ule niushike mimi.

Nilitamani nimrushie Kazimoto boksi. Lingemfanya nini, ndani hamna kitu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku mbaya kuliko zote.

Wageni watatu. Mmoja mwembamba, kavaa suti ya Kaunda, hakutaka maelezo ya Kazimoto. Kapita nyuma ya kaunta moja kwa moja, kanyanyua boksi kubwa la sabuni kwa mikono miwili, kwa nguvu za mtu anayetegemea uzito. Nusura aanguke chali. Akashika la pili. La tatu.

Kazimoto akaninyooshea kidole. Akasema huyu mama ndiye mpangaji, atamchukulia hatua. Mbele ya wageni, mbele ya wateja. Mzee Mshamu akatazama sakafu.

Nilitabasamu. Ndicho kinachoniuma mpaka sasa. Si maneno yake, ni kwamba nilisimama pale nikatabasamu kama niliyepewa zawadi. Wakati ule ningekuwa Chome, mtoto miguuni.

Namchukia.

Jumatatu, 13 Oktoba

Wageni wamemwachia Kazimoto kazi ya kukagua matawi ya mlimani. Kaniita ofisini. Kwa sauti ya upole, kana kwamba Jumamosi haikuwepo, kaniuliza: "Mama Nietiwe, wewe ni wa huko. Nikienda Chome Jumatano vipi?"

Asubuhi hiyo hiyo Anaeli alikuwa ameniambia kwamba mvua imekata barabara kwenye kona ya juu, na Jumatano ni msaragambo. Kwetu baragumu likilia kila nyumba inatoa mtu na jembe. Shule inafungwa, duka linafungwa, hata mwenye duka anachimba. Anayejificha hufuatwa nyumbani, sufuria yake ikachukuliwa faini. Siku hiyo dukani Chome hutamkuta hata mbuzi.

Nilijua yote hayo. Nikamwangalia usoni.

"Jumatano ni nzuri, Bwana Msimamizi."

Ilikuwa tamu mdomoni.

Jumatano, 15 Oktoba

Kaondoka asubuhi na gari la kampuni, soksi nyeupe, viatu vinang'aa. Nilipomweleza Mzee Mshamu alikaa juu ya robota la mablanketi akacheka mpaka akafuta machozi. Anasema watampa jembe. Watampa, tena bila kumwuliza cheo. Kwenye msaragambo mpita njia hapiti mikono mitupu.

Siku nzima nimekuwa mwepesi. Nimeuza vitu viwili na nimeimba.

Alhamisi, 16 Oktoba

Karudi leo mchana. Viganja vyote viwili vina malengelenge. Matope mpaka magotini. Nilingoja afoke. Hakufoka. Kasema tu kwamba kwetu kuna baridi nzuri, na kwamba kina mama walimpa makande, akala sahani mbili.

Kisha akaniomba nimnakilie ripoti yake, kwa sababu mikono yake haishiki kalamu na mwandiko wangu ni mzuri. Nikakaa. Akaanza kusoma. Tawi la Chome lilikutwa limefungwa. Hakuonekana mteja hata mmoja. Vyandarua vyote viko stoo, havijafunguliwa. Inapendekezwa tawi lifungwe.

Kalamu ikasimama.

Nikamwambia ilikuwa siku ya msaragambo, aandike hivyo. Akasema mkoani wanataka jina la tawi moja la kufunga, kesho liwe limefika. Nikamwomba arudi siku nyingine aone watu wanavyojaa. Akasema amepewa mafuta ya safari moja. Akatoa kitu mfukoni mwa koti, kimekunjwa, kina matope pembeni. Duara la chai. Barua yangu. Anasema alipanda nayo, alitaka alikute duka lina watu ili aandike linahitaji muuzaji kijana na amtaje huyo muuzaji. Sijui kama ni kweli. Nadhani ni kweli.

Nikasema tena, Bwana Msimamizi, sema ilikuwa msaragambo.

"Wataniuliza kwa nini sikujua," akasema. "Na mimi nilikuuliza, Mama Nietiwe."

Hakusema kwa hasira. Angefoka ningepata pa kushika. Muoga yule, hawezi kuwaambia wakubwa zake hata neno moja. Lakini mimi? Mtu aliyekuwa na neno moja la kusema Jumatatu ni mimi.

Nimeiandika ripoti yote. Kwa mwandiko wangu mzuri, mistari imenyooka.

Jumanne, 28 Oktoba

Imekubaliwa. Chome inafungwa. Barua yangu imerudi na maneno mawili kwa wino mwekundu: Nafasi haipo.

Alhamisi, 30 Oktoba

Vyandarua vimeshuka. Leo kuna foleni ya watu wa mkonge mpaka barabarani, wanacheka, wananibariki, yule mama wa siku ile kaninunulia chungwa. Kazimoto kasimama mlangoni kajishika kiuno, kafurahi. Mablanketi hayajapanda popote. Kule juu hakuna tena duka la kuyapokea.

Mama alikuwa akiteremka kidogo tu kununua chumvi. Sasa mpaka aje Same. Kwa magoti yale. Hilo nalo nimelifanya mimi.

Mzee Mshamu hacheki tena kuhusu jembe. Kaniwekea chai bila kuniuliza.

Jumapili, 2 Novemba

Kazimoto kasema Krismasi nitapata siku tatu, neno lake. Neno lake nalijua. Nimempa Anaeli viatu avipeleke. Nimevipaka rangi kwanza, nikaviangalia sana. Shule haitaningoja mimi.

Jumapili, 9 Novemba

Nimerudi kanisani, Anaeli akanikuta uani nafua. Kaleta maziwa ya mgando kwenye kibuyu cha mama. Kaleta na viatu.

Anasema Nietiwe alifurahi mno. Alijaribu mwenyewe, akakunja vidole, akasema vinamtosha. Akatembea navyo mpaka kwa jirani na kurudi bila kulalamika. Mama alipovivua akakuta kisigino kimechubuka. Mtoto akalia, akaomba visirudishwe, kwa sababu mama yake atafikiri hakuvipenda.

Ndani ya kiatu cha kulia kulikuwa na kamba mpya ya mgomba, bado mbichi, na mafundo yake mawili.

Nimeitoa ile ya Oktoba. Imekauka, imekuwa kahawia. Nimezilaza mezani sambamba, nikazinyoosha kwa kidole. Nikaangalia huenda ya zamani imejikunja. Haijajikunja. Mpya imeizidi kwa unene wa njiti mbili za kibiriti.

Nimekaa nazo. Mlangoni wingu liko mahali pake, kule juu.

Kesho nitamwuliza Mzee Mshamu kama kuna namba inayofuata.